Mafuta Yaliyogoma Kuwaka

Waithira alijibu kila swali aliloulizwa asubuhi ile, isipokuwa moja.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la kituoni, mtoto amelala mgongoni ndani ya leso, blanketi juu ya leso, na sweta ya mama mwenyewe juu ya blanketi. Julai ya mwaka 1996 ilikuwa imeufunika mji wa Nyeri kama kifuniko cha sufuria. Ukungu ulikuwa umepita mlangoni bila kubisha ukaja kusimama mbele ya kaunta kama mtu mwenye malalamiko.

Inspekta Gaceri alivuta kiti akaketi mbele yake. Konstebo Wambugu, dereva wake, aliegemea ukuta akipuliza viganja.

"Nani anafungua kinu asubuhi?"

"Mimi."

"Nani anafunga jioni?"

"Mimi."

"Na funguo ingine iko na nani?"

"Hakuna ingine, Madam. Ni hiyo moja, na mmeninyang'anya."

Wambugu alikohoa kuficha kicheko.

"Mafuta yakitoka kwa kinu yanaenda wapi?"

"Kwa pipa. Yanatulia. Halafu tunachuja na kitambaa, tunajaza mitungi ya watu. Kila kikundi iko na mitungi yake. Ya Mukurweini tumefunga kitambaa ya bluu, ya hapa Ruring'u nyekundu. Haichanganyiki."

"Na mitungi ikirudi, inarudi vipi?"

Waithira aligeuza shingo akamtazama mtoto, ingawa mtoto hakuwa amesema kitu.

"Inarudi vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri tu, Madam."

Gaceri akafunga daftari lake. Alipoinuka, alimwambia konstebo wa kaunta amletee mama huyo chai ya moto, tena si ya mkebe uliopasuka.

Bosi wa kituo, Bwana Kingori, alikuwa ofisini mwake na koti amevaa, skafu amefunga.

"Inspekta, usizungushe maneno," alisema. "Hita ya wodi ya wazazi kule Mukurweini imezima na watoto wachanga ndani. Wodi imejaa moshi, mama wengine wamekimbia nje na vitoto kwa hiyo baridi. Tunashukuru Mungu hakuna aliyekufa. Yule Mzungu wa kinu amepima mafuta, amepata maji. Na kinu iko na funguo moja. Huyo mama aliongeza maji ili mafuta yaonekane mengi. Kesho asubuhi yuko mbele ya hakimu."

"Na kama si yeye, Afande?"

"Basi niletee huyo mwingine kabla ya kesho. Mtu, Inspekta. Usiniletee hadithi."

*

Kinu kilikuwa Ruring'u, chini ya uwanja wa michezo, katika jengo la mabati lililokuwa zamani ghala la viazi. Mashine ya kukamulia ilitoka India, pamoja na fundi aliyekaa mwezi mzima akiwafundisha akina mama kuifungua na kuifunga hadi wakaweza kufanya hivyo wakiimba. Hita zilitoka Austria, kwa wanakijiji waliokuwa wakichoma mafuta ya mbegu majumbani mwao wakati wa theluji. Na kokwa zilitoka kwa mukinduri, mti ambao kila mtu wa Nyeri alikuwa nao kwenye ua wa shamba na hakuna aliyewahi kuutaka kwa lingine ila kivuli na kuni.

Mhandisi wa hao Waaustria aliitwa Anselm. Alijifunza Kiswahili akiwa kijana katika misheni moja Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtu yeyote Ruring'u. Watu walipenda kumsimamisha njiani wamuulize saa, ili tu wamsikie akijibu.

"Karibuni sana, Inspekta. Tafadhalini, tazameni dirishani."

Wambugu alirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza: *tafadhalini*.

Dirishani palikuwa na chupa mbili. Mafuta ya chupa ya kwanza yalikuwa safi, rangi ya asali. Ya pili yalikuwa vivyo hivyo juu, lakini chini palikuwa na ukungu mzito, na ndani ya ukungu vipande vyeupe vidogo.

"Hii ya kwanza ni ya nyumba moja ya hapa Ruring'u," Anselm alisema. "Hii ya pili ni ya Mukurweini. Chini ni maji. Na ndani ya maji kuna kitu kingine, ambacho sikijui. Hita hunyonya mafuta kutoka chini ya tangi, kwa hiyo hunywa uchafu huu kwanza."

"Na zote mbili zimetoka kwa pipa hili?"

"Pipa ni moja tu."

Gaceri alilizunguka pipa, akafungua bomba, akakinga kidogo kwenye kiganja. Safi.

"Basi maji hayaingii hapa," alisema. "Angekuwa mama anaongeza maji kwa pipa, Ruring'u nao wangelia. Aliyeharibu amechagua mitungi ya bluu. Hii shida ilianza lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi huu. Tangu Februari hadi Juni, Mukurweini hawakuwa na tatizo lolote."

"Na hii mitungi mnaiosha wapi?"

Anselm alimwonyesha pembeni. Mitungi ilikuwa mistari miwili, ya bluu imepinduliwa kichwa chini juu ya vijiti, ya nyekundu imesimama na vizibo vyake. Katikati ya mistari walilala paka wawili, wamenona hadi shingo hazionekani.

"Heh! Hawa wamekula vizuri kuliko paka wa mchungaji," Wambugu alisema.

"Panya ni wengi hapa?" Gaceri aliuliza.

"Hakuna hata mmoja. Kokwa za mukinduri ni chungu mno. Panya hawazigusi."

Gaceri aliwatazama wale paka kwa muda. Kisha akainua mtungi mmoja wa bluu, akaingiza kidole kwenye mdomo wa mtungi huo. Kidole kilitoka na maji.

"Wenzangu nyumbani wanangoja simu yangu kesho," Anselm alisema, akipangusa miwani. "Wako tayari kuleta hita kwa zahanati zote za huku mlimani. Lakini wataniuliza jambo moja tu. Je, mtoto anaweza kulala karibu nayo? Nisipokuwa na jibu, Inspekta, itanibidi niwaambie tusimamishe kila kitu. Hata kinu."

"Umewahi kumuuliza Waithira?"

"Nilimuuliza. Alisema yote yako vizuri." Alivaa tena miwani. "Alimwangalia paka aliponijibu."

*

Majirani wa kinu walikuwa na lao la kusema. Moffat, muuza mafuta ya taa wa Ruring'u, alionekana alfajiri ya juzi akinyemelea lango la kinu, kofia imeshushwa hadi puani. Tena huyo huyo Moffat ndiye aliyesimama kanisani akawaonya waumini kwamba mafuta ya miti ni ya ushamba na yatachoma nyumba za watu.

"Huyo ndiye," Wambugu alisema wakitembea. "Biashara yake imekufa. Nani mwingine atamwaga maji?"

Moffat alikuwa dukani, nyuma ya pampu yake ya mkono. Alipoiona sare ya Wambugu alianza kupangusa kaunta iliyokuwa safi tayari.

"Ulitafuta nini kwa kinu alfajiri?" Gaceri aliuliza.

"Mimi? Nilikuwa napita."

"Duka lako liko huku. Kinu iko kule. Ulikuwa unapita ukienda wapi, Karatina kwa miguu?"

"Madam, punguza sauti. Bibi yangu yuko nyuma."

Gaceri alikuwa amevua glavu bila kujijua, na sasa aliziangalia mkononi. Nje watu walikuwa wakitoa moshi kinywani. Humu ndani vidole vyake vilikuwa vimelegea. Na duka zima la mafuta ya taa halikuwa na ule moshi wa jiko unaokwaruza koo.

"Wambugu, hebu fungua hiyo pazia."

Nyuma ya pazia, kando ya kitanda cha mtoto, palikuwa na hita ndogo ya Austria ikiwaka kimya, mwali wa bluu, bila hata uzi wa moshi. Kando yake ulisimama mtungi wenye kitambaa chekundu.

Wambugu alicheka hadi akashika ukuta. "Moffat! Na yale mahubiri?"

"Cheka tu, ndugu yangu," Moffat alisema, uso umemshuka. "Mtoto alikuwa akikohoa usiku kucha. Bibi akaileta, mimi nikagombana, siku ya pili mtoto akalala. Sasa niseme nini? Nilienda kumwomba Waithira anifanye muuzaji wa hayo mafuta yao. Wateja wangu wamehama, niwalaani? Lakini nitaendaje mchana, na nimeshasema vile nilisema?"

"Na alikwambia nini?"

"Alicheka kama huyu. Halafu akasema nikaombe msamaha kanisani kwanza."

Gaceri alivaa glavu zake. "Mtungi huu ukiisha, unarudishaje?"

"Bibi ndiye anarudisha. Anaenda na mkate juu. Ama sukari."

"Mkate?"

Moffat alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Sasa ataenda mikono mitupu?"

Gaceri alifika mlangoni, akasimama, akataka kugeuka. Lakini Wambugu alikuwa tayari anapiga injini ya Landrova, na Landrova hiyo ikikubali kuwaka hungoji ibadili nia.

*

Zahanati ya Mukurweini ilikuwa juu ya kilima, migomba pande zote, ng'ombe wa maziwa wakichungulia juu ya kila ua. Nduta, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama walioitunza hita ya wodi, aliwapokea kwa mikono miwili. Wodini, mama mmoja alikuwa amelala na mwanawe kifuani ndani ya koti la mume wake. Hita ilikuwa pembeni, baridi kama jiwe la mto.

"Usiku ule nilikuwa hapa mwenyewe," Nduta alisema. "Ilianza kutatarika, pa-pa-pa, kama mahindi yanakaangwa. Halafu moshi. Hao watoto tuliwabeba kama vifaranga. Lakini Inspekta, mimi nakwambia Waithira hawezi. Huyo msichana namjua. Ni yeye alitufundisha kuiwasha."

Gaceri alipiga magoti. Wambugu alifungua sahani ya chini kwa bisibisi, akatoa kile kijibomba chembamba kinachopitisha mafuta. Kilikuwa kimeziba kwa kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa. Gaceri alikikwangua kwa ukucha, akakinusa.

Alinusa tena.

"Nani hapa anachemsha maziwa juu ya hita?"

"Hakuna! Ni marufuku. Mimi mwenyewe nasimamia."

"Hii ni maziwa iliyoungua, Mama. Nina mtoto nyumbani. Maziwa yamenimwagikia kwa jiko mara ngapi sijui. Hii harufu siwezi kuikosea."

Wambugu akanusa, akakunja pua. "Ni kweli. Lakini hii ni ndani ya bomba, Inspekta. Maziwa yakimwagika yanaingiaje ndani ya bomba?"

"Hayaingii. Yamekuja na mafuta."

Walitazamana. Nani ana maziwa Mukurweini? Kila mtu. Nani anaweza kuyafikia mafuta? Gaceri aliuliza nani hubeba mitungi, nani hulala na ufunguo wa stoo, nani amegombana na Waithira. Nduta alijibu yote bila kufikiri mara mbili, na hakuna jibu lililompeleka mbele hatua moja.

"Nitachukua mtungi mmoja mtupu," Gaceri alisema mwishowe. "Ni ushahidi. Nitaurudisha kwa kinu nikimaliza."

"Chukua huu, tuliumaliza juzi." Nduta aliunyanyua, kisha akaukumbatia ghafla. "Ngoja kidogo."

Akatoka nao mbio. Walimwona kupitia dirishani akiusugua kwa majivu na maji ya moto, akiutikisa, akiumwaga, akivuka njia kuelekea zizini. Wambugu alitazama saa. Nduta aliporudi, mtungi ulikuwa umemwelemea upande mmoja, na alikuwa ameufunga mdomo kwa jani la mgomba.

"Hii ni ya asubuhi, bado ina povu," alisema akihema. "Wapelekee watu wa mashine."

Gaceri hakunyoosha mkono.

"Mama. Hii ni nini?"

"Maziwa, si unaona? Ama kwenu Meru hamna ng'ombe?"

"Mnafanya hivi kila mara?"

"Sasa wewe, Inspekta! Mtu amekupa mafuta ndani ya chombo, mtoto wako amelala joto, halafu umrudishie chombo kitupu? Ungetaka niaibike? Hata kwenu hamfanyi hivyo."

"Kwetu pia hakirudi kitupu," Gaceri alisema polepole. Juzi tu alikuwa amerudisha bakuli la jirani yake wa Nyeri, na ndani ameweka ndizi tatu bila hata kufikiria kwa nini.

Wambugu, mzaliwa wa kilima cha pili kutoka hapo, alikuwa amefungua mdomo akasahau kuufunga.

"Mkate," Gaceri alisema. "Ruring'u wanarudisha na mkate. Sukari. Vitu vikavu, tena juu ya mtungi. Huku mko na maziwa. Na hao paka..."

"Wuui," Wambugu alisema. "Hao paka!"

*

Gaceri aliuweka mtungi wa maziwa juu ya kaunta ya kituo, mbele ya Waithira. Waithira aliutazama ule mtungi wa bluu na jani lake la mgomba, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajasema lolote.

"Maziwa haya hamnywi," Gaceri alisema.

"Yananuka mafuta, Madam. Hata waoshe namna gani. Tulijaribu kupika chai, tukashindwa."

"Kwa hivyo mnawapa paka."

"Ningesema nini? Hao ni mama zetu. Wananyima watoto wao maziwa ya asubuhi wanatuletea sisi. Nisimame mbele ya polisi niseme ati maziwa yenu nawapa paka? Wangesikia Mukurweini yote. Kwa hivyo tunapokea, tunashukuru, wakienda tunamwaga, tunaosha, tunapindua ikauke. Ya nyekundu hatuoshi, inarudi kavu."

"Na Februari ilikauka."

"Kwa jua, mara moja."

"Na Julai?"

Waithira aliugeukia mlango, ambako ukungu ulikuwa bado umesimama. Jua halikuwa limeonekana Nyeri tangu mwezi uanze, na kwa baridi hiyo mitungi ilikuwa ikirudi leo na kujazwa leo.

"Wuui, Mungu wangu," alisema. "Haikauki. Ni mimi."

"Ni mawingu," Gaceri alisema. "Wambugu, mlete Bwana Anselm na hita moja. Na mafuta safi ya pipa."

Bwana Kingori hakupenda kuona ofisi yake ikigeuzwa jiko. Lakini Gaceri aliwaomba wote wasiseme kitu, na kwa kuwa hita ni hita na chumba kilikuwa baridi, alikubali. Maziwa yalihamishwa ndooni. Waithira aliusuuza mtungi kama anavyousuuza siku zote, akaupindua kama anavyoupindua, wakanywa chai wakingoja. Kisha Anselm akaujaza mafuta ya rangi ya asali na kumimina yote katika tangi la hita, akawasha.

Mwali ulishika, bluu, mzuri. Kingori akasogeza kiti karibu. Akafungua skafu.

Halafu ikaanza: pa, pa-pa, pa. Mwali ukageuka njano. Uzi wa moshi ukapanda hadi dari, na Kingori akainua pua kutoka kwenye faili.

"Nani anaunguza maziwa?" alifoka. "Ni nani ameacha maziwa kwa jiko?"

Walimwacha alifikie jibu mwenyewe. Aliitazama hita, akautazama mtungi, akamtazama Waithira aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto wake, macho yamevimba. Gaceri akamweleza yote, kuanzia paka hadi mkate.

Kingori alizima hita kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa hivyo mtu niliyekutuma uniletee ni nani?"

"Ni heshima, Afande. Na hiyo siwezi kuifunga pingu."

"Wanasema wema hauozi," Kingori alinung'unika.

"Huu umeganda, Afande," Wambugu alisema, na safari hii hata bosi akashindwa kujizuia.

Waithira alirudishiwa ufunguo wake.

Nje kwenye ngazi, Anselm alikuwa bado anakuna kichwa. "Basi tutawaandikia akina mama wa Mukurweini waache kuweka maziwa."

Waithira na Gaceri walimgeukia kwa pamoja.

"Usithubutu," Waithira alisema. "Ukiwaambia hivyo, hawatarudi kuchukua mafuta. Watajua tumewakataa."

"Lakini watoto wanahitaji mafuta makavu!"

"Basi tuwape chombo kingine," Gaceri alisema. "Kikebe cha bati, kidogo, kimefungwa kwa mtungi na kamba. Mtungi ni wa mafuta, haufunguliwi. Kikebe ndicho kisirudi kitupu. Tena maziwa yake yatanyweka."

Waithira alifikiri. Kisha uso wake ukafunguka kidogo kidogo. "Na vikebe tutampa Moffat auze kwa duka lake. Akishaomba msamaha."

"Na simu yako ya kesho?" Gaceri alimuuliza Anselm.

"Nitawaambia ndiyo. Mtoto anaweza kulala karibu nayo. Kikebe kwanza, hita zote nizisafishe kwanza, halafu ndiyo." Alitoa mfukoni chupa ya mafuta safi, ile ya dirishani. "Hii naenda nayo kijijini kwetu. Nataka majirani zangu waone mukinduri ukiwaka kwenye theluji."

Waithira aliipokea ile chupa, akaikagua kizibo, akamrudishia. Mtoto aliamka mgongoni mwake, akachungulia dunia kwa jicho moja.

"Chupa ni ya kinu, Bwana Anselm," alisema. "Utairudisha."

"Bila shaka. Nikija tena, nitairudisha."

Walingoja. Mhandisi alianza kushuka ngazi, akafika ya mwisho, akasimama. Aligeuka taratibu, chupa mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu afike Nyeri Kiswahili chake kikampotea.

"Na... niweke nini ndani?"

"Chochote," Waithira alisema akicheka. "Lakini kiwe kikavu."